Kutoka Dhana Hadi Yakini: Neno "Reification" na Ng'ombe wa Machakos, 1937–1938

Neno la Kiingereza reification limeingia katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kama mgeni asiyeulizwa kwao ni wapi. Wahakiki wenye mwelekeo wa Kimarx huliacha katika umbo lake la kigeni. Wengine hulifasiri kuwa udhihirishaji au uyakinishaji, na wapo wanaolichanganya na tashihisi, ambayo ni tamathali nyingine kabisa. Makala haya yanalichunguza neno hilo kwa njia ya historia badala ya kuliundia kisawe kimoja zaidi. Historia yenyewe ni ya Wilaya ya Machakos katika miaka ya 1930, ambako kadirio lililotungwa ofisini liligeuka kuwa kitu chenye nguvu ya kuwatoa ng'ombe zizini. Inadaiwa hapa kwamba Kiswahili, kwa jozi yake ya dhana na yakini, kinalieleza tendo hilo kwa usahihi kuliko lugha ambamo istilahi ilizaliwa, na kwamba mhakiki anayeisahau jozi hiyo hupoteza nusu ya maana.

Neno na Maana Zake

Kwa asili, istilahi hii imeundwa kwa vipande viwili vya Kilatini: res, yaani kitu au jambo, na facere, yaani kufanya. Ilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza katikati ya karne ya 19, ikiwa na maana ya jumla ya kulichukulia wazo kana kwamba ni kitu. Uzito wake wa kinadharia ulitoka kwingine. Karl Marx, katika juzuu ya kwanza ya Das Kapital (1867), alionyesha jinsi uhusiano baina ya watu unavyojitokeza sokoni katika sura ya uhusiano baina ya vitu. Mwaka 1923 Georg Lukács, mwanafalsafa wa Hungaria aliyeandika kwa Kijerumani, aliikuza fikra hiyo hadi ikawa nadharia ya jamii nzima ya kibepari, na kitabu chake kilipofasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1971 neno reification lilienea katika idara za fasihi. Mwanafalsafa Alfred North Whitehead alikuwa tayari, mwaka 1925, ametahadharisha dhidi ya kosa linalokaribiana na hilo: kuuchukua ufupisho wa akili na kuufanya ndio uhalisi wenyewe. Nao Peter Berger na Thomas Luckmann, mwaka 1966, waliliweka suala hilo katika misingi ya usahaulifu, yaani mwanadamu husahau kwamba ulimwengu wa kijamii ameutengeneza yeye.

Kwa hiyo neno lina maana mbili zisizolingana. Ya kwanza haina lawama: wazo lisiloshikika hupewa umbo linaloshikika, kama vile utaifa unavyopewa bendera. Ya pili ni ya lawama: umbo hilo hutawala, na waliolifanya husahaulika. Anayefasiri kwa udhihirishaji huichukua maana ya kwanza peke yake. Anayefasiri kwa tashihisi hukosea zaidi, kwa sababu tashihisi ni mapatano. Mtunzi anaposema kwamba njaa ilibisha hodi, msomaji anajua kuwa njaa haina mkono, na utamu wa usemi unatokana na kujua huko. Katika reification mapatano hayo hayapo. Hakuna anayemkonyezea mwenzake jicho.

Uyakinishaji unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Dhana na yakini ni maneno ya asili ya Kiarabu, na katika elimu ya Kiislamu yaliwekwa ncha mbili za mizani moja: dhana ni kukisia kusiko na uthabiti, yakini ni ujuzi usioachia nafasi ya shaka. Kiswahili cha kitaaluma kiliiteua dhana kuwa kisawe cha wazo au fikra ya jumla, lakini lugha ya kila siku haikuiachia maana yake ya zamani. Kumdhania mtu ni kumfikiria bila ushahidi kamili, na dhana mbaya ni shutuma. Basi kusema kwamba dhana imeyakinishwa ni kusema kwamba kilichokuwa kisio kimepandishwa cheo kikawa hakika. Kilatini hakisemi hivyo. Kilatini kinasema tu kwamba kitu kimefanywa. Kosa la kimantiki, lile la kuruka kutoka shaka hadi hakika bila daraja, limo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Kikamba nacho kina la kuongeza. Shina moja huzaa mũndũ, yaani mtu, kĩndũ, yaani kitu, vandũ, yaani mahali, na ũndũ, yaani jambo. Kati ya ũndũ na kĩndũ hakuna kilichobadilika ila kiambishi cha ngeli, na hatua ya kutoka jambo hadi kitu ni fupi mno kwa ulimi. (Alexis Kagame wa Rwanda alijenga falsafa nzima ya uwepo juu ya ngeli za namna hii mwaka 1956, na yumkini yeye mwenyewe ni mfano wa tendo linalojadiliwa hapa: viambishi vya sarufi vikafanywa kuwa viumbe.) Hata hivyo, ufupi wa hatua si sababu ya kuipiga. Lazima awepo wa kuipiga, na katika Machakos walikuwapo.

Ardhi Iliyofanywa Merikebu

Machakos ni miongoni mwa vituo vya kale vya utawala wa Kiingereza katika bara ya Kenya. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome hapo mwaka 1889, na jina la mji ni matamshi ya kigeni ya Masaku, ambaye alikuwa mtu kabla ya kuwa mahali. Wilaya ya enzi hizo ilikuwa kubwa kuliko Kaunti ya Machakos ya leo, kwani ilijumuisha pia eneo la Makueni, lililotengwa kuwa wilaya mwaka 1992. Kufikia miaka ya 1930 sehemu yake ya Wakamba ilikuwa rizavu yenye mipaka iliyochorwa na serikali. Milima ya Mua na mbuga za upande wa Athi zilikuwa zimekwisha kuingia mikononi mwa walowezi. Nyanda za Yatta zilihesabiwa kuwa ardhi ya serikali, na malisho yake hayakuwa tena haki ya wafugaji bali ruhusa. Juu ya hayo, karantini za mifugo ziliwazuia Wakamba kuuza ng'ombe nje ya rizavu kwa vipindi virefu, kwa hoja ya kuyakinga makundi ya walowezi dhidi ya maradhi.

Ni ndani ya mipaka hiyo ambamo neno la Kiingereza carrying capacity lilianza kutumika juu ya udongo wa Ukambani. Historia ya neno hilo ni ya kustaajabisha. Katika karne ya 19 lilitumika kwa merikebu: shehena kiasi gani chombo kinaweza kubeba. Baadaye, huko Marekani, lilihamishiwa katika malisho, likawa idadi ya mifugo ambayo eneo linaweza kustahimili. Merikebu ina ujazo uliopangwa na fundi aliyeiunda, nao haubadiliki baharini. Mbuga za Machakos hubadilika kila msimu kwa mvua, na ukubwa wake ulikuwa umepangwa na mchora ramani. Sitiari ilihama na vipimo vyake vyote, ila haikuhama na fundi. Ardhi ikaonekana kana kwamba ina ujazo wa asili, na ng'ombe waliozidi ujazo huo wakawa shehena ya ziada.

Tume ya Kilimo ya Sir Daniel Hall, mwaka 1929, ilikuwa imekwisha kuutaja wingi wa mifugo kuwa tatizo kuu la rizavu za Kenya. Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1934, ililirudia. Mwaka 1937 Colin Maher, afisa wa hifadhi ya udongo katika Idara ya Kilimo, aliandika ripoti kuhusu mmomonyoko na matumizi ya ardhi katika rizavu ya Machakos. Ripoti hiyo yapasa kusomwa na mhakiki wa fasihi kwa uangalifu uleule anaoutumia kuisomea riwaya. Maher anaiona wilaya ikielekea kuwa jangwa la miamba, mawe na mchanga, na wakazi wake wakiteremka kuelekea ufukara usio na tumaini. Watu wameongezeka na mifugo imeongezeka, anasema, kwa kuwa utawala wa Kiingereza umeondoa vita na kupunguza maradhi. Mtendaji katika sentensi zake ni ongezeko. Walowezi wa Mua hawana nafasi ya kisarufi katika maelezo hayo, wala karani aliyetia sahihi amri ya karantini.

Isidhaniwe kwamba mmomonyoko ulikuwa uzushi. Ukame na nzige wa miaka hiyo, pamoja na malisho yaliyokanyagwa mwaka baada ya mwaka, viliacha makorongo ambayo kila mpita njia aliyaona, na Wakamba wenyewe waliyaona kabla ya Maher. Uyakinishaji hauhitaji uongo. Wingi wa mifugo ni sehemu: juu ni ng'ombe, chini ni eka. Ripoti ziliisoma sehemu hiyo kwa kuitazama namba ya juu tu, nayo namba ya chini, iliyopunguzwa kwa amri, ikachukuliwa kuwa kazi ya Mungu. Hapo ndipo uhusiano baina ya watu, yaani baina ya mlowezi, serikali na mfugaji, ulipochukua sura ya uhusiano baina ya ng'ombe na nyasi. Lukács angelitambua jambo hilo bila kuhitaji mkalimani.

Taaluma nayo ilichangia. Mwaka 1926 Melville Herskovits wa Marekani alikuwa amechapisha utafiti wake kuhusu kile alichokiita mchangamano wa ng'ombe wa Afrika Mashariki. Kwake neno hilo la mchangamano lilikuwa na maana ya kiethnografia: mkusanyiko wa mila zinazohusiana na ng'ombe. Lakini katika Kiingereza cha enzi hizo neno lilelile lilikuwa pia jina la ugonjwa wa nafsi. Katika vinywa vya maofisa maana ya pili iliimeza ya kwanza, na mfugaji akaonekana kuwa mtu mwenye maradhi ya kupenda ng'ombe kupita akili. Mahari iliyolipwa kwa ng'ombe, ahadi baina ya koo na akiba dhidi ya njaa viliondoka katika maelezo, ukabaki ugonjwa.

Idadi Inayotembea

Mwaka 1938 dhana hiyo ilipata miguu. Kampuni ya Liebig's ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, mwendo mfupi kutoka rizavu, na kiwanda kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei nafuu. (Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950, ilirithi kazi hiyo mahali hapo hapo.) Serikali iliamuru mifugo ipunguzwe kwa lazima. Ng'ombe walihesabiwa, viwango vikapangwa, chapa zikatiwa, na waliohesabiwa kuwa ziada wakapelekwa mnadani. Kisio la ofisini likawa sasa linaweza kuguswa: lilikuwa na pembe, na lilikuwa na jina alilopewa na mwenyewe. Mfugaji aliyeamka na ng'ombe wake wote alilala na wachache, na tofauti baina ya hao wote na hao wachache ilikuwa ni namba iliyotoka katika jedwali.

Jibu la Wakamba linajulikana katika historia ya siasa za Kenya, ila halijasomwa vya kutosha kama jibu kwa usemi. Chama cha Ukamba Members Association kiliundwa, na Samuel Muindi Mbingu wa Ngelani akawa sauti yake. Mwishoni mwa Julai 1938 maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka Machakos hadi Nairobi wakitaka kumwona Gavana Robert Brooke-Popham, wakapiga kambi mjini humo kwa wiki kadhaa. Maana ya kitendo hicho ni wazi kwa anayetazama suala la uyakinishaji. Serikali ilikuwa imesema kwamba ardhi ndiyo inayokataa ng'ombe. Watu walikwenda kwa gavana, si kwa ardhi. Kwa miguu yao walirudisha katika sentensi mtendaji aliyekuwa ameondolewa.

Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha serikali iliachana na lazima ya kuuza mifugo. Jambo moja la kutilia maanani ni kwamba Wakamba walikuwa nguzo ya jeshi na polisi wa koloni, na Ulaya ilikuwa inaelekea vitani. Nyasi za Machakos hazikuwa zimeongezeka kati ya Julai na Desemba. Kilichobadilika ni uhusiano wa nguvu, na ujazo wa ardhi, uliodaiwa kuwa wa asili, ukafuata mabadiliko hayo. Mwaka 1940 chama kilipigwa marufuku, pamoja na chama cha Wakikuyu cha KCA na kile cha Wataita.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba Ukambani kulikuwa na namna nyingine ya kulifanya jambo liwe kitu. Kĩthĩtũ, kifaa cha kiapo, hubeba ukweli na hukumu ndani ya umbo linaloshikika. Anayeapa hukigonga kwa kijiti huku akitamka kiapo chake, na anayeapa kwa uongo huogopewa kifo, yeye na jamaa zake. Gerhard Lindblom wa Sweden, aliyefanya utafiti Ukambani kati ya 1911 na 1912, alikieleza kwa kirefu, na utawala wa kikoloni wenyewe ulikitumia katika mabaraza ya kienyeji pale ushahidi wa maneno uliposhindikana. Maofisa waliokiita kĩthĩtũ ushirikina hawakuona kwamba jedwali lao lilikuwa na kazi kama hiyo. Iko tofauti, nayo si ya kuwapendeza. Kĩthĩtũ kina mwenyewe anayejulikana, hukodishwa kwa makubaliano, na huletwa mbele ya pande zote mbili za shauri. Kila aliyehudhuria anajua kwamba ni watu walioweka nguvu ndani ya kitu hicho. Jedwali la uwezo wa ardhi halikuwa na mwenyewe, na upande mmoja wa shauri haukualikwa lilipotungwa.

Amri Iliyogeuka Jina

Miaka hamsini baadaye hesabu ya kale ilikabiliwa na hesabu mpya. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994, walionyesha kwamba idadi ya watu wa wilaya ilipanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989, na kwamba katika kipindi hichohicho mmomonyoko ulipungua, huku mavuno na miti ikiongezeka. Jangwa la Maher halikuja. Watafiti waliofuata walitilia shaka baadhi ya matokeo hayo, hasa kwa kuonyesha pengo kati ya kaya zenye mishahara ya mjini na zile zisizo nayo. Shaka hiyo ilifaa, kwa kuwa wakati huo mambo yalikuwa yameanza kurudia. Katika mijadala ya maendeleo, Machakos yenyewe ilikuwa inageuzwa kuwa kitu: kielelezo cha kubebwa na kupelekwa popote duniani ili kuthibitisha kwamba wingi wa watu hauna madhara. Dhana moja ilikuwa imekufa, nyingine ikakalia kiti chake.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo katika lugha. Miongoni mwa matuta yaliyotapakaa katika miteremko ya Machakos, aina inayojulikana zaidi huchimbwa mtaro na udongo wake kutupwa upande wa juu, hata shamba likajisawazisha polepole kwa mvua. Katika vitabu vya kilimo vya Kiingereza, vikiwamo vya mashirika ya kimataifa, tuta hilo huitwa fanya juu. Lile ambalo udongo wake hutupwa chini huitwa fanya chini. Maneno haya sasa ni nomino. Hupewa vivumishi, hupimwa kwa mita, hulinganishwa gharama, na mtaalamu wa Ethiopia au wa Asia huyaandika bila kujua kwamba anaandika kitenzi. (John Mbiti, mwana wa Kitui jirani, alifanya jambo linalofanana mwaka 1969 alipovichukua sasa na zamani, maneno ya kawaida ya Kiswahili, akayafanya kuwa majina ya pande mbili za wakati wa Kiafrika. Ila yeye alijua anachofanya, na alikieleza.)

Historia ya matuta hayo inatoka katika kazi ya lazima ya miaka ya 1940, wakati machifu walipowatoa watu kuchimba mitaro myembamba iliyobomoka haraka. Ilibadilika kuanzia miaka ya 1950, kazi ilipohamishiwa katika mwethya, kikundi cha jadi cha kusaidiana, na watu wakapewa nafasi ya kuchagua viongozi wao na aina ya tuta. Baada ya uhuru vikundi hivyo vilikuwa kwa sehemu kubwa vya wanawake, kwa sababu wanaume wengi walikuwa kazini Nairobi na Mombasa, na mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo ulioanza mwaka 1974 kwa msaada wa Sweden uliwakuta wakiendelea. Katika nomino fanya juu hakuna lolote kati ya hayo. Hakuna chifu, hakuna mwethya, hakuna mwanamke mwenye jembe.

Sarufi, hata hivyo, imehifadhi chembe moja. Fanya ni amri, na ni amri ya umoja. Kikundi kingeambiwa fanyeni. Aliyelitamka neno hilo kwanza, na likanukuliwa hadi likaganda kuwa jina, alikuwa amesimama juu ya mtaro akimwelekeza mtu mmoja aliyekuwa ndani yake, kwa lugha ambayo huenda haikuwa ya kwanza kwa yeyote kati yao.